Saa Tano Angani

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Nami nauliza, mbali ni wapi hasa?

Sisi wakaazi wa Mlolongo tumezoea mambo mawili: mabasi ya Mombasa barabarani na ndege za Embakasi angani. Basi huchukua saa nane au tisa kufika Mombasa, na safari yenyewe haifiki kilomita 500. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Dubai ni kilomita 3,550 hivi, yaani zaidi ya mara saba, lakini ndege hufika kwa saa tano tu! Kwa hesabu hiyo, Dubai ni karibu kuliko Mombasa.

Mamangu yuko Dubai. Anafanya kazi ya nyumbani huko tangu nilipoingia kidato cha kwanza, kwa hivyo safari hii nimeipigia hesabu mara nyingi. Ndege kubwa ya abiria huenda kasi ya kilomita 850 hivi kwa saa. Gawanya 3,550 kwa 850, utapata saa nne na kidogo. Je, muda uliobaki huenda wapi? Huliwa na kupaa, kutua na njia yenyewe, kwani hata angani kuna njia. Rubani hapiti tu anapotaka.

Tena kuna jambo la saa za ukutani. Dubai iko mashariki yetu kwa nyuzi 18 hivi za longitudo, na kila nyuzi 15 ni saa moja. Basi saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja. Ukiondoka hapa saa kumi jioni, utatua kule saa nne usiku. Ukiondoka kule saa nne asubuhi, utatua Embakasi saa nane mchana. Kwa saa ya ukutani, kwenda ni saa sita na kurudi ni nne. Kumbe kurudi ndiko rahisi!

Jioni moja nilimweleza ndugu yangu wa miaka sita kwamba kutoka kwa mama hadi kwetu ni saa tano tu. Kesho yake, Jumamosi, alioga mapema akaketi langoni. Nyanya akamwuliza anangoja nani.

"Mama. Si Dada alisema ni saa tano?"

Nyanya alicheka, halafu akanyamaza.

Kilomita hazina hatia. Ndege zaenda na kurudi kila siku. Mkataba wa mama ulikuwa wa miaka miwili. Ulipokwisha alitia sahihi mwingine, maana karo yangu ya kidato cha nne haina mtu mwingine wa kuilipa. Umbali wetu ndio huo, na hakuna ndege iendayo kasi ya kuupunguza.

Ndugu msomaji, ukiiona ndege ikipaa Embakasi, usiulize tu itafika saa ngapi. Uliza pia aliyemo ndani atarudi lini.