Kimelea Kingojacho Habari

Lugha yetu imezoea kuita malaria homa, na asiye na homa huhesabiwa mzima. Katika bonde la Kilombero desturi hiyo ya maneno huficha jambo kubwa, nalo ni jambo la chembe hai moja, au seli kama waandishi wa leo waiitavyo.

Kimelea cha malaria kiingiapo katika seli nyekundu ya damu hukua na kugawanyika. Baada ya saa 48 hivi seli hupasuka, na vimelea vipya, 16 hivi au zaidi, hutoka kutafuta makao mengine. Hapo ndipo mwili hutetemeka. Lakini vichache miongoni mwao hushika njia ya peke yao. Hukomaa kwa siku 10 hivi, hupata umbo la mwezi mwandamo, kisha husimama. Havigawanyiki wala havileti homa. Hungoja.

Hungoja nini? Mwaka 1880, nchini Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alitazama tone la damu ya askari katika hadubini, akaona nyuzi nyembamba zikichomoza katika kimelea na kupigapiga kama mijeledi. Damu ilikuwa imepoa juu ya kioo. Zaidi ya karne moja ilipita kabla fumbo halijafumbuliwa vema: mwaka 1998 wataalamu walitambua kwamba, pamoja na kushuka kwa joto, kimelea huamshwa na asidi ya zanthureni iliyomo mwilini mwa mbu. Mambo hayo mawili yakikutana tumboni mwa mdudu, kalsiamu hupanda ndani ya seli, kimeng'enya maalumu huanza kazi, na kimelea dume hunakili urithi wake mara tatu, kikatoa mbegu nane kwa muda upatao robo saa. Na ndicho kile kile kilichokaa kimya siku nyingi! Wanafunzi wangu hubishana kama ujumbe huo uitwe ishara au amri. Mimi napendelea habari, kwa maana seli ilikuwa na kila kitu isipokuwa kujua kwamba imekwisha kumtoka mwanadamu.

Mama yangu hulima mpunga bondeni. Msimu wa kilimo hulala kibandani shambani pamoja na wajukuu, katika nchi ambayo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameona kuwa mwenezi mkuu wa malaria ni mbu aitwaye Anopheles funestus. Aliyeumwa mara nyingi tangu utoto aweza kubeba vimelea asiugue. Nilipomsihi naye alale chini ya chandarua, alicheka.

"Mwanangu, hicho ni cha watoto. Mimi sina homa."

Nikamweleza habari za kimelea kingojacho, kwa maneno hayo hayo. Akanyamaza kitambo.

"Basi mbu akinitoka mimi, siku ngapi hata aweze kumdhuru mjukuu?"

"Kumi au zaidi, mama, akiishi."

Akahesabu kwa vidole, kisha akaniagiza chandarua cha pili.