Siri ya Mteja na Usingizi Wangu

Wengi hudhani kwamba mwanasheria huchoka kwa kusoma vitabu na kubishana mahakamani. Iko kazi nyingine ichoshayo zaidi, nayo ni kusikiliza.

Kwa miaka kadhaa nimeandika maelezo ya watu walionusurika katika vita vya Kaskazini mwa Uganda. Waasi wa LRA walishambulia kambi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok mwaka 2003 na 2004; kwa mashambulizi hayo, pamoja na makosa mengine, Dominic Ongwen alihukumiwa kifungo cha miaka 25 huko The Hague mwaka 2021. Sheria hutaka kila jambo lithibitishwe: ilikuwa saa ngapi, nani alisimama wapi, mtoto alibebwa na nani. Basi swali huulizwa tena na tena, na muulizaji naye huanza kuyaona aliyosimuliwa.

Mimi sikupigwa wala sikutekwa. Hata hivyo nilianza kushtuka mlango ukibamizwa, na nikawa simruhusu binti yangu kwenda dukani mchana kweupe. Wataalamu wawili wa Marekani, McCann na Pearlman, waliieleza hali hiyo mwaka 1990: maumivu ya msimuliaji huhamia kwa msikilizaji. Askari wa upelelezi wanaijua, hata wasipoipa jina.

Shida yetu ni siri. Mambo ya mteja hayasemwi, hata kwa mume. Mume wangu ni askari polisi, naye ana yake asiyoyasema. Tulikaa hivyo muda mrefu, watu wawili kimya mezani. Hatimaye tulipatana: jina halitajwi, tukio halisimuliwi, ila kila mmoja aseme lililompata yeye mwenyewe. Siri ni ya mteja. Usingizi uliopotea ni wangu.

Ofisini niliomba nisiandike maelezo ya namna hiyo ya watu wawili mfululizo. Katikati huletewa hati za mashamba, kazi kavu isiyo na machozi (ingawa mashamba nayo huliza watu). Faili haliingii nyumbani. Pombe siisifu, usingizi wake hukatika usiku wa manane. Nilikwenda pia kwa daktari. Wako waonao aibu kupita lango la Butabika. Mimi nilipita mchana.

Juma lililopita mume wangu alirudi kutoka zamu, akavua viatu, akasema, "Mama Akello, leo mikono imenitetemeka." Nikamwekea chai. Sikumwuliza sababu.