Hela ya Mdachi

Mzee mmoja wa Mji Mkongwe, mwalimu aliyestaafu, amekusanya sarafu kwa zaidi ya miaka 40. Amezipanga katika kisanduku cha msaji kilichotandikwa mahameli, kila moja na kishimo chake, na mgeni akija huletewa kahawa kwanza, kisha kisanduku. Kwa miaka mingi kishimo kimoja kilikuwa kitupu. Sarafu yake ilikuwamo nyumbani humo humo, ndani ya kijaluba, chini ya kanga za marehemu mama yake.

Ni rupia ya fedha ya Udachi wa Afrika Mashariki. Upande mmoja amechorwa Kaizari Wilhelm wa Pili, kichwani amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Kazi nzuri ya mkono, hapana shaka. Siku moja alikuja mnunuzi kutoka mbali, akaishika rupia ile, akaisifu kofia, akamsifu aliyeivaa, akasema zama zile watu walikuwa na adabu. Mzee aliichukua sarafu yake taratibu, akafunga kisanduku. Tangu siku hiyo ndipo ilipohamia kwenye kijaluba.

Bibi yake mzaa mama alitoka vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Alikuwa mtoto Mdachi alipodai kodi ya kibanda, rupia 3, iliyowekwa tangu 1898. Awali watu waliweza kulipa kwa mazao. Baadaye ikatakiwa fedha taslimu. Na mkulima wa vilimani angeipata wapi fedha, isipokuwa kwa yule yule aliyekuwa akimdai? Basi rupia haikuwa chombo cha kununulia tu. Ilikuwa kamba. Asiyekuwa nayo alivutwa nayo hadi kwenye mashamba ya pamba, akalime kwa ujira usiofaa kutajwa. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, watu waliing'oa pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Wadachi walijibu kwa kuchoma vyakula na kuiacha njaa imalize kazi. Serikali yao ilihesabu wafu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Bibi yule, hata uzeeni, sarafu ikianguka sakafuni ikalia, alinyanyuka akatoka nje.

Kwa Wajerumani wenyewe, kuonyesha hadharani msalaba wa Wanazi ni kosa la jinai, isipokuwa kwa elimu, historia na mfano wa hayo; aghalabu wauzaji wa sarafu huifunika alama ile katika orodha zao za mnada. Rupia ya kofia ya tai haifunikwi na mtu. Mzee hadai ifunikwe. Linalomkera ni kwamba haijapata hata kuulizwa. Ipo pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, yenye tembo na mlima nyuma yake, na wakusanyaji huililia kwa uzuri wake wakati wapagazi wa vita ile hawana wa kuwalilia. Hiyo mzee hana. Bei yake hakuimudu kamwe, hivyo uadilifu wake juu ya tembo yule haujapata kujaribiwa.

Aifanyeje basi rupia? Kuiuza ni kumtafutia kofia mpenzi mwingine. Kuitupa baharini ni kumtupa na bibi, kwani mkononi mwa nani ilipita, kama si wa watu kama yeye? Wala bahari haisafishi ulimi: kila anayesema hana hela anaitaja heller, sarafu ndogo ya Mdachi, 100 kwa rupia moja. Aliyeificha hakuwa ametatua neno. Alikuwa amejipumzisha tu.

Mjukuu wake, msichana anayesoma chuo, ndiye aliyemnyima pumziko hilo. Alikuwa akitazama kishimo ambacho babu hukionyesha kwa fahari kuliko vyote, chenye pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, iliyochorwa mizani.

"Babu," akasema, "karafuu za mwaka huo zilichumwa na nani?"

Mzee alitaka kujibu kwamba soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kwa amri ya Barghash huyo huyo. Ni kweli. Lakini utumwa wenyewe uliondolewa katika sheria za visiwa hivi mwaka 1897, miaka 15 baada ya mizani ile kupigwa chapa, na mwalimu wa historia hawezi kujifanya hajui kutoa. Akanyamaza. Kahawa ikapoa.

Baadaye alimwagiza mjukuu akalete kijaluba. Rupia ikarudi kwenye kishimo chake, jirani ya mizani. Mzee akakata vipande viwili vya karatasi, akachukua kalamu. Cha kwanza aliandika bila kusita: *Kodi ya kibanda, Umatumbi. Walioilipa hawakuandikwa majina.* Cha pili alikiweka chini ya pesa ya Barghash, akakitazama, akaifunika kalamu. Wageni wanaoletewa kisanduku siku hizi hukuta karatasi hiyo, nyeupe, ikingoja, na wengine humwuliza mzee kama ameisahau.