Gari Dogo na Njia ya Kama

Twaulizwa mara nyingi: RAV4, gari dogo la Toyota lililotoka mwaka 1994, laweza njia ya Kama? Kiangazi laweza. Ni jepesi, na wepesi ni mali: Volkswagen ndogo, yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962.

Masika ni habari nyingine. RAV4 haina zile gia za chini za kuongeza nguvu, walizo nazo wenye Land Cruiser. Tena malori yamekwisha chimba mifereji. Humo tumbo la gari hulala juu ya udongo, magurudumu yakizunguka bure. Mama mwenye utungu tusimpakie humo. Heri pikipiki, nayo polepole.