Kompyuta Ikiganda Katikati ya Sifa



Wengi mmeniuliza ni maombi gani yaliyofanyiwa ile kompyuta ya kanisa, maana Jumapili sita sasa maneno ya nyimbo hayajakwama ukutani hata mara moja. Nitawajibu kwa urefu. Nitaingia na mambo ya ufundi pia, kwa sababu katika kisa hiki ufundi ndio uliomtoa mtu kwenye lawama. Kijana mwenyewe amenipa ruhusa niandike. Jina lake sitaliandika, ingawa wengi wenu mnamjua.

Kwanza mjue mashine yenyewe. Ni ile ya mezani iliyo nyuma ya ukumbi, karibu na mlango wa Shule ya Jumapili. Ni mtumba, kama nguo nyingi tulizovaa. Haina Windows. Ina Ubuntu, ambayo ni Linux isiyolipiwa, na ndani yake kuna OpenLP, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya makanisa kuonyesha nyimbo na maandiko. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni la Kizulu na Kixhosa, nalo ni ndugu wa neno letu "utu". Nilipomwambia hivyo mzee mmoja wa kanisa alicheka, akasema basi kompyuta yetu ina utu kutushinda.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Katikati ya ibada, bila onyo, kila kitu kinasimama. Kishale cha mausi hakisogei. Kama kuna video, sauti inanasa mahali pamoja na kujirudia kama CD iliyokwaruzwa. Ukibonyeza Caps Lock, kile kitaa kidogo cha kibodi hakiwaki wala hakizimi. Dawa ilikuwa moja tu: kushikilia batani mpaka mashine izime, halafu kungoja dakika mbili tatu iwake tena, kwaya ikiimba kwa kichwa na wageni wakitazama ukuta mtupu. Wiki nyingine ilitokea mara tatu, wiki nyingine haikutokea kabisa.

Jambo lisilo na ratiba linasumbua watu kuliko jambo lililoharibika moja kwa moja. Taa ya projekta ikiungua, unanunua taa. Lakini kitu kinachoganda kinapotaka, watu huacha kuuliza "ni nini" na kuanza kuuliza "ni nani".

Na huyo nani akapatikana. Mtu mmoja aliona kwamba kompyuta huganda Jumapili, anapoketi kijana wetu wa mitambo, na kwamba Jumatano jioni, anapoketi dada mwingine, haigandi. Mwingine akaongeza kwamba kijana huyo alionekana akitoka duka la kubeti pale stejini. Likaandikwa kwenye grupu la WhatsApp la waombezi, kwa maneno ya kiroho sana, kwamba madhabahu ina mlango uliofunguliwa na Roho ameonyesha upande gani. Kufikia Alhamisi mamake, ambaye ni mshirika wetu tangu tulipokuwa tukikutana kwenye darasa la nasari, alikuwa ofisini kwangu analia. "Pasta, kama mtoto wangu ana shida niambieni nimwombee. Lakini hawa wanasema ametumwa."

Sasa sikieni. Mimi ni Mpentekoste. Naamini pepo wapo, na tumewaombea watu wakafunguliwa mbele ya macho yenu. Ni kwa sababu naamini hivyo ndiyo siwezi kuacha jina la shetani liwe jina la kila kitu tusichokielewa. Niliwaomba wazee wanipe wiki nne. Kijana angebaki mezani pake, na tungepima.

Mpendwa mmoja alinijibu, "Pasta, hata Yona alitolewa merikebuni ndipo bahari ikatulia." Ni kweli. Lakini someni ile sura ya kwanza ya Yona polepole. Kura ilipomwangukia, wale mabaharia hawakumrusha. Walimuuliza yeye mwenyewe. Alikiri kwa kinywa chake. Na hata baada ya kukiri na kuwaambia wamtupe, bado walipiga makasia kwa nguvu wakitafuta kurudi nchi kavu. Watu wasiomjua Mungu wa Israeli walijitaabisha hivyo kumwokoa mgeni. Sisi tulikuwa hatujashika hata kasia moja.

Tulianza na daftari la shule. Kila mara mashine ikiganda tuliandika tarehe, saa, aliyeketi, kilichokuwa kikionyeshwa, na kama stima ilikuwa imeyumba. Hakuna kitu kingine kilichotusaidia kama hilo daftari. Kumbukumbu ya watu waliokasirika ni fupi, na hukumbuka yale yanayolingana na wanachodhani tayari.

Linux nayo ina daftari lake. Ukiwasha tena mashine na kuandika amri ya journalctl -b -1, unasoma yaliyoandikwa mpaka dakika ile ilipozimika. Kijana alisoma, nami nikasoma juu ya bega lake. Kila mara ilikuwa vilevile: mistari ya kawaida, ya kawaida, halafu hakuna. Hakuna kilio cha mwisho. Kompyuta iliyokufa ghafla haiandiki wosia. Lakini hata kunyamaza huko kulitufunza kitu. Kama ingekuwa RAM imejaa, mfumo kwa kawaida huchagua programu moja na kuiua, na huandika kwamba umeiua. Tena kabla ya hapo mashine huvutavuta miguu na taa ya diski huwaka bila kupumzika. Yetu haikuvuta miguu. Kuna pia njia ya kuzungumza na kiini cha mfumo moja kwa moja hata skrini ikiwa imekwama: unashika Alt na batani ya Print Screen, kisha unabonyeza B, na mashine hujiwasha upya. Tulijaribu siku ilipoganda. Haikujibu. Kwa hivyo shida haikuwa OpenLP, wala haikuwa kijana amebonyeza vibaya. Kiini chenyewe kilikuwa kimesimama, na hapo unaanza kushuku vyuma kuliko programu.

Jirani yetu anayechomelea vyuma naye alikuwa ameshawekwa kwenye orodha ya washukiwa. Mnajua akianza kazi taa zetu hufifia. Lakini daftari lilionyesha mashine huganda Jumapili, siku ambayo yeye amefunga na yuko kanisani kwao. Naye tukamwondolea mashtaka bila yeye kujua alikuwa nayo.

Kisha joto. Ukumbi wa mabati saa sita mchana ni tanuri, na vumbi la mtaa wetu halihitaji maelezo. Tulifungua kasha, tukapuliza, na Mungu anajua kilichotoka humo. Sista wa usafi alituletea fagio bila kuambiwa. Tukabadilisha ile dawa nyeupe iliyo kati ya prosesa na feni. Joto lilishuka likawa zuri kabisa. Jumapili iliyofuata mashine ikaganda wakati wa sadaka.

Hapo nilisikia minong'ono upya, na ndipo kijana alitaka kuacha. Alinirudishia funguo za kabati la mitambo. Nilizikataa. Nikamwambia tumebakiza wiki mbili za zile tulizopewa.

Usiku huo alisoma mtandaoni shuhuda za watu ambao kompyuta zao za Linux ziliganda hivyohivyo. Ni wengi mno. Kuna prosesa za Intel za kizazi kinachoitwa Bay Trail ambazo ziliganda zilipoingia kwenye usingizi mzito wa kuokoa umeme, na watu walipona kwa kuongeza maneno intel_idle.max_cstate=1 wakati wa kuwasha. Kuna na za AMD Ryzen za mwanzo, za mwaka 2017, zilizoganda zikiwa zimekaa tu bila kazi. Shuhuda hizo ni za kweli. Ila prosesa yetu haikuwa Bay Trail wala Ryzen, na yetu haikuganda ikilala. Iliganda ikifanya kazi. Kijana alitaka kujaribu yote kwa mpigo. Nikamzuia. Ukibadilisha vitu vitano usiku mmoja na mashine ikapona, hujui umshukuru nani, na ikirudi kuugua hujui urudi wapi. Nawaona ninyi pia na mafuta, maji, chumvi na vitambaa, vyote kwa wiki moja, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Nilimfungulia Waamuzi sura ya 6. Tumezoea kumhubiri Gideoni kama mtu wa imani haba. Mimi siku hizi namsoma kama mtu makini. Usiku wa kwanza aliomba ngozi ilowe na ardhi iwe kavu. Ilitokea. Lakini ngozi ya kondoo hunywa umande kwa asili yake, huenda ingelowa hata hivyo. Basi usiku wa pili akageuza: ngozi kavu, ardhi ilowe. Ngozi ileile, uwanja uleule, jambo moja tu limepinduliwa. Na Mungu hakumkasirikia.

Basi nasi tukageuza. Jumapili iliyofuata nilimwomba ndugu mwingine, ambaye hakuna anayemshuku kwa lolote, aketi mezani na kuendesha mambo yote ya Jumapili: nyimbo zenye video nyuma yake, kamera mbili, na matangazo ya moja kwa moja. Kijana alikaa na mamake safu ya tatu. Mashine iliganda katika wimbo wa pili. Jumatano yake tukageuza tena: kijana akaketi, lakini akaendesha kama dada wa Jumatano, maneno meupe kwenye weusi, bila video, bila kamera. Saa mbili nzima haikuganda.

Kwa hivyo yule wa kwanza aliyesema kompyuta huganda anapoketi kijana aliona sawasawa. Macho yake hayakudanganya. Kilichodanganya ni lile neno "kwa sababu" aliloliongeza. Jumapili ilikuwa na mzigo na Jumatano haikuwa nao, na kijana ndiye tuliyempa kubeba mzigo.

Kuanzia hapo ilikuwa rahisi. Mzigo mkubwa hujaza RAM. Kuna programu ya kupima RAM inayoitwa Memtest86+, unaichagua kabla Ubuntu haijawaka, nayo huandika na kusoma kila chumba cha kumbukumbu mara kwa mara. Tuliiacha usiku kucha. Mzunguko wa kwanza ulipita safi, na mtu mwenye haraka angezima hapo na kwenda nyumbani. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu. Tulikuwa na vipande viwili vya gigabaiti 4. Tukapima kimoja kimoja, halafu tukabadilishana nafasi zao, maana huenda ubovu ni wa tundu na si wa kipande. Kipande kimoja kilitoa makosa kwenye matundu yote mawili. Kingine kilikuwa safi kote.

Hiyo ndiyo siri yote. Sehemu ndogo ya kipande kile ilisahau ilichoambiwa, tena mara mojamoja tu. Mzigo ukiwa mdogo, mara nyingi hakuna kitu cha maana kilichowekwa hapo. Ukumbi ukijaa, kitu cha maana kinafika pale, kinasomwa vibaya, na mfumo unasimama. Kipande kingine tulikipata Luthuli Avenue kwa shilingi 1,200, nacho tukakipima usiku mzima kabla ya kukiamini.

Kile kibovu kiko kwenye droo ya ofisi yangu. Ni kitu kidogo tu, na kilikaribia kumtoa kijana kanisani. Katika Yohana 9 wanafunzi walimkuta mtu kipofu wakataka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi. Bwana alikataa swali lenyewe. Mamake kijana alikuwa amelibeba swali hilo moyoni kwa mwezi mzima, akipekua maisha yake usiku akitafuta alikosea wapi kumlea.

Kuhusu habari ya kubeti, nimezungumza na kijana. Ni mazungumzo ya mchungaji na kondoo wake, na hayana uhusiano wowote na RAM.

Kwa wapendwa wa grupu la waombezi: nawapenda, na kanisa hili linasimama kwa magoti yenu. Lile neno lilitumwa kwa watu wote wa grupu. Radhi nayo isitumwe kwa mama huyu faraghani. Ipelekwe palepale, wasome walewale waliosoma la kwanza. Watatu wameshafanya hivyo. Nangoja wengine, na sitataja majina wala sitachoka kungoja.

La mwisho ni tangazo. Kijana wetu atakuwa ofisini kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Mwenye kompyuta inayoganda, iwe ya Linux au nyingine, ailete. Njoo umeandika iliganda lini, saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini. Jua pia kipimo cha RAM huchukua usiku mzima, kwa hivyo utaiacha na kuichukua Jumapili baada ya ibada ya pili. Hakuna malipo, ila vipande vya kubadilisha utanunua mwenyewe.

Mbarikiwe.