Sikukuu Ugenini

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, mwenyeji naye akiwa mgeni, apone nani? Swali hilo limenikaa moyoni tangu nilipokula Krismasi ugenini, na leo napenda kulieleza kwenu, ndugu wasomaji, hasa ninyi ambao sikukuu huwakuta lindoni, na jamaa zenu wanaowangoja nyumbani.

Ninafundisha Kiswahili Mbarara, magharibi ya Uganda. Mji huu majeshi yetu yaliuingia mwezi Februari 1979, katika vita vya kumng'oa Idi Amin, na majengo mengi yakaharibika. Wazee wetu walikuja na bunduki. Mimi nimekuja na chaki. Wenyeji wangeweza kuninunia. Badala yake wamenifunza adabu moja njema. Mtu akikupita unafagia uwanja, unateka maji au unasahihisha madaftari, hukwambia: “Webare kukora,” yaani ahsante kwa kufanya kazi. Kazi hiyo hukumfanyia yeye. Anakushukuru kwa sababu ameliona jasho lako.

Shule zilipofungwa kwa likizo ndefu ya Desemba, nilikwenda Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Mbarara, ili kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Makazi hayo yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokimbilia huko. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Hayakuzungushiwa uzio. Familia hupewa kipande cha ardhi, ingawa vipande hivyo vinazidi kuwa vidogo, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 huwaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Hata hivyo maisha si mepesi. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha za wafadhili.

Siku moja somo letu lilikuwa neno “likizo”. Niliwataka wanafunzi watunge sentensi. Mama mmoja, aliyekimbia vita vya Rutshuru mwaka 2012, aliandika polepole: “Mwalimu ana likizo, mimi nina miaka.” Sikusahihisha kitu. Sarufi yake ilikuwa kamili.

Mama huyo ndiye aliyenialika siku ya Krismasi. Alipika ugali wa muhogo, na majani ya muhogo ambayo sisi huyaita kisamvu na wao huyaita sombe, pamoja na dagaa, ambao kwao ni ndakala. Jirani yake Msomali, ambaye sikukuu hiyo si yake, alileta chupa ya chai yenye harufu ya hiliki. Nami nilipotaka kukataa sahani ya pili, kwa kuwa niliijua hesabu ya mgao wake, mama alinikazia macho akasema: “Mwalimu, kula. Hapa kila siku tunapokea tu. Leo niache na mimi nitoe.”

Nikala, na wala sikuona haya.

Ipo shukrani ya mtu kumtazama aliyepungukiwa, kisha akasema moyoni: namshukuru Mungu kwamba mimi si yule. Hayo ni majivuno yaliyovaa nguo ya ibada. Shukrani niliyofunzwa Mbarara na Nakivale ni kupokea kwa heshima, na kuliona jasho lililo nyuma ya kila unachopokea. Mfukoni nilikuwa na tikiti ya basi ya kurudi kwetu kupitia Mutukula. Kikaratasi kile kina thamani kwa sababu mwisho wa safari pana nyumba iliyosimama, na mpaka nitakaouvuka u shwari. Wapo wanaokesha usiku, mvua ikinyesha, ili neno likizo libaki na maana kwa sisi wengine. Mbele ya yule mama wa Rutshuru ndipo nilipoijua bei ya kazi yao.

Basi, akina mama na akina baba wenzangu, sikukuu ijayo tusiishie kuwaombea walio kazini. Tuwatengee sahani yao, na kila mmoja tumshukuru kwa kazi yake anayoifanya: ahsante kwa kukesha, ahsante kwa kupika, ahsante kwa kufua sare. Nchi yetu nayo iliwafungulia Wakongo mlango kule Nyarugusu, mkoani Kigoma, mwaka 1996. Akitufikia mgeni wa namna hiyo, tumpe chakula, kisha naye akileta kibaba chake cha maharage tusikirudishe. Tukipokee kwa mikono miwili, maana anayepewa tu bila ya kuachiwa nafasi ya kutoa, hubaki mgeni miaka yote.