Kupeleka watoto Mto Nile, Jinja: Maji tulivu ndiyo ya kuulizia

Maji ya Ziwa Victoria yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda, kilomita takriban 80 mashariki mwa Kampala. Hapo ndipo Mto Nile unapoanza kuelekea kaskazini, na hapo ndipo tangu miaka ya 1990 wageni wamekuwa wakilipa fedha ili waketi kwenye boti la mpira, washike makasia na kuteremka maporomoko huku wakipiga kelele. Kwa familia ya Tanzania ni safari inayowezekana kwa basi. Wa Bukoba hupita Mutukula na Kampala, wa Musoma huvuka Sirari, Kisumu na Busia hadi Jinja bila kuiona Kampala.

Jambo la kwanza la kupanga ni kuachana na ushauri wa aliyekwenda zamani. Mto huu umebadilishwa sana na mabwawa. Maporomoko ambayo Speke aliyaona mwaka 1862 yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Ya Bujagali, yaliyokuwa maarufu kuliko yote, yalizama bwawa lake lilipoanza kazi mwaka 2012. Kisha likaja la Isimba, mwaka 2019, likameza mengine chini zaidi. Shangazi aliyepiga picha Bujagali mwaka 2008 hana tena la kumwelekeza mtu.

Yaliyobaki bado ni makali. Maporomoko hupangwa kwa daraja, la 1 hadi la 6, na Itanda kuna sehemu ambayo hata waongozaji wazoefu huwashusha abiria watembee nchi kavu. Hiyo si safari ya mtoto. Kampuni nyingi zina safari ya familia inayopita kwenye maji mepesi, au kayaki kwenye ziwa lililotengenezwa na bwawa. Mzazi aulize daraja la kila poromoko litakalopitwa, umri wa chini unaokubaliwa, na kama zipo jaketi okozi za saizi ya mtoto. Jaketi likishafungwa, livutwe juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, hata kama mwongozaji anasema linatosha. Mtoto afundishwe pia kabla ya kupanda boti kwamba akidondoka asijaribu kusimama kwenye mkondo, alale chali, miguu mbele, vidole vionekane juu ya maji. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji humwinamisha mtu kwa nguvu asizoziweza.

Hadi hapo wazazi wengi huwa wameuliza. Wanauliza na mamba. Lisiloulizwa ni kichocho, na hapa ndipo hesabu inapogeuka, kwa sababu sehemu inayoonekana salama kwa mtoto ndiyo yenye hatari hiyo zaidi.

Vimelea vya kichocho hukulia ndani ya konokono, na konokono hao hupenda maji yanayokwenda polepole, yenye majani, karibu na ukingo na nyuma ya mabwawa. Wakishatoka kwa konokono, hasa jua likiwa kali, hupenya ngozi ya binadamu ndani ya dakika chache bila kidonda wala mchubuko. Katikati ya mkondo mkali uwezekano ni mdogo zaidi. Ukingoni, watoto wanapoogelea wakisubiri chakula cha mchana, ni mkubwa. Mwaka 2007 walipimwa watu 69 waliokuwa wamecheza kwenye maji ya Nile nchini Uganda, na 12 walikutwa na dalili za maambukizi.

Katika kundi hilo kulikuwa na funzo jingine. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amemeza prazikwanteli mara tu baada ya kutoka majini, akidhani amejikinga. Ni dawa ileile wanayopewa wanafunzi shuleni baada ya kupimwa urefu kwa fimbo. Inaua minyoo iliyokomaa lakini ile michanga huiacha hai. Kwa hiyo kidonge cha jioni ya siku ya safari humpa mzazi amani ya moyo na karibu hakuna kingine. Muda unaofaa wa kupima, na kutibu ikibidi, ni wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji hayo kwa mara ya mwisho.

Mzazi wa Pwani ana mtego wake. Amezoea kichocho kinachotoa damu kwenye mkojo. Cha Ziwa Victoria na Nile ni cha tumbo, hivyo mkojo unaweza kuwa safi kabisa na mtoto anaumwa. Hupimwa kwenye choo.

Hakuna njia ya kupiga kasia bila kulowa, lakini kulowa kunaweza kupunguzwa. Watoto wapandie boti mahali pasipo na matete, wasioge ukingoni mchana, na mzazi aulize maji ya bafuni hotelini yanatoka wapi. Yanayopampuliwa moja kwa moja kutoka mtoni si salama kuliko mto wenyewe. Yaliyokaa siku mbili kwenye tangi lililofunikwa hayana tena vimelea hai vya kichocho, ingawa bado si ya kunywa. Kujikausha haraka kwa taulo kunasaidia kidogo, si kinga ya kutegemea.

Malaria nayo iko juu katika eneo hilo, na mtoto wa Dar es Salaam anayeumwa na mbu wachache kwao hana kinga kubwa. Chandarua chenye dawa kiingie kwenye begi. Akirudi na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo kikisema hana, na homa inaendelea wiki kadhaa baada ya safari, pamoja na kikohozi au vipele vinavyowasha, daktari aambiwe waziwazi kwamba mtoto alikuwa majini Jinja. Bila neno hilo, kichocho kichanga hufanana na homa nyingine yoyote.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, kwa kuwa kadi yake huanza kutambulika baada ya hapo. Uganda huidai, na Tanzania nayo humdai anayerudi kutoka huko. Mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi, na safari hii inaweza kumsubiri.

Tarehe ya kipimo iandikwe kwenye simu kabla mabegi hayajafungwa. Familia itakayotoka majini Januari 3 inafikisha wiki ya 8 Februari 28, shule zimeshafunguliwa na hakuna anayekumbuka tena habari za mto.